Mdomo kwa Mdomo

Kwako shemeji,

Sisi hatujambo. Dada yako anakohoa kidogo, na paka kazaa watatu chini ya meza yangu ya kazi.

Umeuliza kwa nini ile prosesa ndogo haiioni diski. Mchoro wa kuziunganisha niliuchora mimi kwa wiki sita. Ukafuta jina langu, ukaandika lako, ukamwambia mkuu wako, "Shemeji yangu? Aa, yule fundi redio tu, hata cheti hana." Nilikuwa mlangoni, nimekuletea vipuri.

Sasa sikia. Njia mbili za waya kwenye mchoro nilizipishanisha makusudi, ili pa kusemea huku paingie pa kusikilizia kule. Wewe ukadhani fundi redio kakosea, ukazinyoosha. Sasa prosesa na diski zinasemezana mdomo kwa mdomo, na hakuna mwenye sikio. Nilikuona ukizinyoosha, shemeji. Nikanyamaza mpaka ukaagiza bodi mia mbili za mchoro huo.

Usijisumbue kunijibu. Mkuu wako kanipigia mwenyewe: "Njoo Jumatatu utueleze mchoro wako, na shemeji yako atakuwepo." Shati nimeshalipiga pasi.

Ni mimi shemejio,
mwenye mchoro