Saa Saba Mchana

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mama goti linamsumbua, ila mdomo haujambo. Jana kanifanya nifumue kola moja mara mbili. Sare za kwaya ninazoshona zimebaki nne, na ya mwalimu wao bado haifungiki tumboni.

Nimefurahi mno kwamba upasuaji umekwisha salama. Barua yako niliisoma mpaka pale uliposema kwamba kila hofu ilipokushika ulitazama saa ya ukutani, ukajua ikifika saa saba mdogo wako yuko magotini, na moyo ukatulia. Hapo nikaikunja, nikaja kuimaliza baadaye.

Dada, sikuwa magotini. Niliandika "nakuombea kila siku saa saba" kama mtu anavyoandika "wasalaam". Saa saba huwa nakula, kisha najilaza juu ya vitambaa. Hata siku ile ya upasuaji nililala fofofo.

Mungu alikutuliza hivyo hivyo, bila mimi, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Na sasa umeisimulia wodi nzima! Unasema yule mwalimu aliyelazwa kitanda cha pili na yule mama wa mapacha wanataka niwataje nao.

Leo saa saba nilizima cherehani, nikapiga magoti kwenye vipande vya nguo. Nilianza na jina lako, nikaishia hapo nikilia. Waambie wenzako wanivumilie. Kesho nitajaribu kufika kwao.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuombea mara moja tu.