Mto wa Mama Mkwe Nimeuchana, Radhi Siombi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ingawa watu wa nyumba hii wanasema sihitaji msaada bali fimbo.

Naitwa Milembe, nimeolewa Kasoli, na mume wangu Luhaga tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuingia huku anawanunulia pamba vijijini, kwa hiyo mara nyingi hayupo na mwenye kauli nyumbani ni mama yake, na mtoto wetu wa kwanza Nyanjige alipozaliwa mama mkwe alimshonea mto mnene wa pamba ya shamba lake mwenyewe, mimi namviringisha mtoto kanga mikono ikiwa ndani, bibi anamlaza ubavu kwenye ule mto, wala hatukuwa na wasiwasi maana alikuwa hajui kujigeuza. Sasa ana miezi mitano, ameanza kujipindua, nikamwambia mama mkwe, "Mayu, huyu sasa anageuka, tuutoe mto," akanijibu, "Luhaga alilala hivyo hivyo na leo anakulisha," nikauacha mto pale pale. Mchana mmoja napepeta mtama uani nikaona kimya kimezidi, nikaingia, nikamkuta kifudifudi, uso wote umezama kwenye ule mto, mikono imebanwa na kanga hawezi hata kujisukuma, midomo imebadilika rangi, nikamnyakua nikimwita, ndipo akalia. Nikachukua kisu nikauchana mto mbele ya bibi yake, pamba ikatapakaa uani kuku wakaikanyaga, naye akalia akisema nimemchana yeye. Luhaga aliporudi akaita baba zake wadogo, wakaamua niombe radhi na mtoto alale kwa bibi kama zamani. Nikawajibu, "Nirudisheni kwetu Nyalikungu mkitaka, lakini huyu halali tena juu ya mto." Tangu hapo namlaza chali kwenye mkeka, ila kila akijigeuza namrudisha, silali, na nikizidiwa namlaza kifuani kwangu juu ya godoro la sponji. Je, nimekosa? Na nitamgeuza mpaka lini?

Milembe, Kasoli

JIBU

Milembe, kumwokoa mtoto si kosa, na hilo usiliombee radhi hata wakiketi ukoo mzima. Pole kwa ulichokiona. Lakini nitakugombeza: mtoto aliyebadilika rangi hukumpeleka zahanati? Mpeleke leo, hata kama anacheka.

Mkeka ni sawa, hapo hapo karibu na kitanda chako. Mlaze chali, pasiwe na mto, blanketi zito wala nguo laini karibu na uso wake, na chandarua ukikaze kisimwangukie. Kanga ya kumviringisha iishe kabisa. Mtoto aliyeanza kujigeuza anahitaji mikono yake. Akiwa bado anageuka upande mmoja tu, mrudishe ukimwona. Akishajua kwenda na kurudi mwenyewe, mwache alale atakavyo. Na kifuani kwako juu ya sponji, acha! Umemtoa kwenye mto mdogo unamweka kwenye mto mkubwa, nawe umelewa usingizi.

Sasa kisu. Yule mama alichuma ile pamba, akaichambua, akashona kwa upendo, hakushona mtego. Ungeweza kuutoa mto bila kuuchana machoni pake. Kwa kisu hicho mwombe msamaha, mkiwa wawili, umpigie magoti. Kwa mto usimwombe. Kisha mpe kazi: mtoto akiwa macho, amlaze kifudifudi mapajani pake ili mtoto akaze shingo. Hiyo ni kazi ya bibi, na anaiweza kuliko wewe.

Mkiitwa tena kikaoni, nenda. Waeleze ulivyomkuta mtoto, neno kwa neno, usilie wala usipunguze. Wakisisitiza, sema hapana, na uiseme mara moja tu.

Nawe Luhaga, najua gazeti hili litakufikia, hata kama limefungia sukari. Ulikuwa safarini mwanao alipokosa pumzi, ukarudi ukamwitia kikao aliyemrudishia pumzi hiyo. Aibu ni yako. Pamba itasubiri. Mchukue mtoto umwangalie wewe, mkeo alale.