Matufaha ya Mjukuu

Jumatano, 6 Machi
Mwanangu kapiga simu. Jumamosi wanakuja — yeye, mkewe na mjukuu wangu! Miezi mitano sijamtia machoni huyo mtoto. Mara ya mwisho nilimkatia tufaha, mama yake akaliondoa kwa upole: Baba, haya ya dukani yana nta, asile. Lilinikaa rohoni. Safari hii hatakuwa na la kusema.

Alhamisi, 7 Machi
Nimenunua sita, mekundu. Mwenye duka kanielekeza namna ya kutoa nta: maji ya vuguvugu, siki kidogo, brashi laini, kisha kitambaa. Kweli bwana — ukikwangua kwa ukucha inatoka nyeupe kama ya mshumaa. Miaka thelathini nimekwangua rangi kwenye kuta za watu, leo nakwangua matunda! Marehemu mke wangu angenicheka mpaka mbavu zimuume. Nimeyapanga mezani. Hayang'ai tena. Nimeyaangalia mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 9 Machi
Hawakuja. Gari bovu, kasema. Wiki ijayo, Baba, Mungu akipenda. Haya.

Jumanne, 12 Machi
Yameanza kunywea! Nimerudi dukani nimefura. Mwenye duka kacheka: Mzee wangu, nta ndiyo inayoyatunza, ukiitoa ule siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo! Si angesema mapema? Nimekula mawili nikiwa nimesimama jikoni. Matamu bado, ila laini. Nyumba kimya, nasikia meno yangu tu. Upweke huu umenichosha. Basi, nimesema.

Ijumaa, 15 Machi
Nimenunua sita mengine. Sijayagusa. Nta yao ikae hapo hapo mpaka niwaone watu kwa macho yangu. Sidanganyiki mara mbili.

Jumamosi, 16 Machi
Saa nne asubuhi. Mwanangu kasema ndiyo wanatoka. Nimebandika maji. Nioshe? Nisioshe?

Saa tano. Maji yamepoa. Nimeyabandika tena.

Saa sita kasorobo. Gari limesimama nje! Nimetoka na brashi mkononi. La jirani. Kaniuliza kama napaka rangi.

Saa saba. Nimeshindwa kuvumilia, nimeosha moja. Moja tu — dogo, la kiasi cha kiganja chake. Likinywea nitalila mwenyewe.

Simu inaita. Ni mwanangu. Ngoja kwanza nioshe la pili.