Kavetsa, Walikupigia Makofi

Ni mwaka mzima sasa, Kavetsa, tangu uanguke kwenye kikao pale mtaa wa Kongo, Kawangware, na watu wakakupigia makofi. Bado hatuamini. Tunabandika chai, tunakungoja uingie na mkoba wako, useme miguu imekwisha.

Wanaosoma hapa wajue ilivyokuwa. Ulikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Ulianzia Mashimoni kule Kibera, mlango kwa mlango, ukiuliza habari za watoto, za presha, za usingizi. Usingizi ndio uliuliza sana. "Mtu akikosa kulala wiki nzima," ulisema, "hao si kunguni. Hayo ni mawazo."

Na "poa" ulikuwa huikubali. Mtu akikujibu poa, unavuta kiti. "Poa ya ukweli ama poa ya Nairobi?" Mtu anacheka, halafu machozi yanamtoka. Boaz mumeo tu ndiye alikuwa na jibu: "Ya Nairobi, Mama Joan, na ugali imechelewa."

Kwenye vikao vya afya ulikuwa mchezo wa kuigiza peke yako. Ili watu wajue kumsaidia aliyezimia, ulikuwa unaanguka mwenyewe, puu! Wakikulaza chali, unafungua jicho moja: "Mmeshaniua! Nilazeni ubavu!"

Siku ile ulikuwa unaongea juu ya mizigo ambayo watu wanabeba kimya. Ukaanguka katikati ya neno. Wangoi, rafiki yako muuza mboga ambaye mliongoza naye kikao, ndiye alipiga makofi ya kwanza. "Leo Mama Joan ameanguka kushinda siku zote!" Ukumbi wote ukapiga. Wakakugeuza ubavu vizuri, kama ulivyowafunza. Wakangoja ufungue jicho moja.

Hukufungua.

Daktari alisema ni mshipa wa kichwa uliopasuka, na hata ungeangukia mikononi mwake hangekuwahi. Sisi tulimsikia. Wangoi hakusikia kitu. Alifunga kibanda, akafunga na mlango wa nyumba. Kukuzika huko Vihiga hakuja. Wenzake wakigonga, anajibu kutoka ndani, "Niko poa." Jirani akatuletea habari kwamba hata jiko hawashi, na tukaogopa kuzika mwingine.

Baba yako, unamjua, mtu wa barabara, hajawahi kukaa mji mmoja akauzoea. Safari hii hakuondoka. Alitoka Kibera kwa miguu hadi Kongo, akakaa chini mlangoni pa Wangoi.

"Wangoi, uko aje?"

"Poa, mzee."

"Poa ya ukweli ama poa ya Nairobi?"

Ikatoka sauti ndogo: "Mzee, nani amekutuma?"

"Si unamjua."

"Mimi ndiye nilipiga makofi."

"Ulipiga. Na ni wewe ulimgeuza ubavu. Mtoto wangu alienda akiwa kwenye mikono inayomjua. Sasa fungua, miguu imekwisha."

Akafungua. Amekonda mpaka baba yako akashika ukuta. Siku hiyo Wangoi alikunywa uji tu. Baadaye Boaz na Joan wakaenda kumwona. Kisha akakubali kusindikizwa kliniki, akae na mshauri, aseme yote.

Mwezi uliopita alirudi kwenye kikao. Ilipofika mahali pa mtu kuanguka, watu waliangalia viatu vyao. Wangoi akatandika leso yako, akaanguka. Hakuna aliyecheka. Wakamwita jina, wakamgeuza ubavu, na ukumbi wote ukangoja.

Akafungua jicho moja. "Niko hapa," akasema.

Hapo ndipo makofi yalipigwa, Kavetsa. Ungeyasikia!

Wanaokukumbuka ni baba yako Murunga, mumeo Boaz, binti yako Joan, kaka yako Ambrose, na Wangoi, ambaye tumemwandika ndani ya familia kwa sababu ndipo alipo.

Ukituuliza tuko aje, hatutakudanganya: hatuko poa bado. Lakini mlango uko wazi, na jina lako halitatoka midomoni mwetu kamwe.