Baki la Mgeni

Nyamira, Alhamisi, Novemba 1951

Mvua imenyesha tangu saa nane mchana, na bati la shule limepiga kelele hata nikashindwa kusikia sauti yangu mwenyewe. Labda ni heri. Sauti hiyo leo haikufaa kitu.

Jumatatu ni mtihani wa darasa la nne. Anayeanguka, shule imemwishia. Kwa Kemunto ni zaidi ya hapo, kwa sababu baba yake mdogo, anayewalea tangu baba yao afariki, ameshaniambia nje ya kanisa kwamba akianguka ataozwa kabla wimbi halijavunwa. Hakuniambia kwa ubaya. Alikuwa amenishika mkono kabisa.

Na kuzidisha anajua, mtoto huyu. Mpe tarakimu tatu kwa mbili, atazipanga kwenye kibao chake na kuzizidisha bila kukosea. Ni kugawanya kunakotumaliza, yeye na mimi.

Leo nimempa mahindi 936 awagawie watu 24. Akaandika 38, baki 24. Nikafuta. Akaandika tena 38, baki 24. Ndivyo anavyofanya tangu muhula uanze: hesabu ikitaka kuisha sawasawa, yeye anasimama hatua moja kabla. Nikapandisha sauti, na sijivunii. Nikamwuliza kwa nini hawapi wale watu ishirini na wanne fungu lao la mwisho, na mahindi bado yapo.

"Mwalimu, tukigawa yote, mgeni akija atakula nini?"

Hakuna aliyecheka. Darasa zima lilikuwa likinitazama, linangoja jibu.

Mfano wa mahindi na watu wa nyumbani niliuleta mimi, maana nambari tupu hazikuwaingia. Sasa siwezi kuuondoa. Nimejaribu vijiti, nimejaribu kokoto, nimesema hesabu haina wageni. Kemunto anaitikia "Ndiyo, mwalimu," kwa adabu zote, kisha anabakiza.

Nimechoka.

Jioni nikashuka kwao bila taarifa, nimelowa chapachapa. Nilitaka kumwambia mama yake ukweli: sijui tena la kufanya, na ajiandae. Maneno nilikuwa nimeyapanga njiani, kwa Kiswahili chepesi, maana mimi ni mtu wa ziwani na Ekegusii changu ni cha kusalimia tu.

Nikakuta wameshakula. Kabla sijafungua mdomo, Kemunto akaniletea maji ya kunawa, kisha kikapu kidogo chenye ugali wa wimbi, umefunikwa vizuri, bado una joto, na mboga ya chinsaga kwenye bakuli. Hakuna aliyeinuka kwenda kupika. Kitindamimba wao alikifuata kikapu kwa macho mpaka kikafika kwangu, na hakuomba.

"Kula, mwalimu," mama yake akasema. "Hiki kilikuwa chako."

Nikala. Chinsaga ni chungu kwa mtu wa kwetu, lakini nilimaliza kila kitu, na yale maneno niliyoyapanga sikuyatoa. Nikashukuru, nikaaga. Kemunto akanisindikiza hadi kwenye ua, akaniuliza kama Jumatatu kutakuwa na hesabu za kugawanya. Nikamwambia zitakuwapo.

Kesho ndiyo Ijumaa yetu ya mwisho. Nitasimama mbele ya ubao nimwambie Kemunto agawe yote, asibakize hata punje. Nitamwambia kwa uso gani, na fungu lile nimelila mimi?