Mwalimu Mkuu Nimemwambia Ndiyo, Binti Yangu Nimemwambia Hapana

Bibi Filomena mpendwa,

Nisaidie kabla ya Jumanne, maana Jumanne ndiyo mtihani wa jimbo unaanza na mimi nimejibana mahali ambapo hakuna aliyenisukuma, nimejisukuma mwenyewe, na nakuandikia wewe kwa sababu mama yangu hayupo tena na dada yangu anaishi Florida na huko kwake kila kitu ni rahisi.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, huu ni mwaka wangu wa nne, na mwezi wa Juni bodi ya shule itaamua kunithibitisha kazini au kuniaga. Binti yangu Tessa ana miaka tisa, yuko darasa la nne shule hiyohiyo, korido moja na mimi. Mwaka jana ulipokaribia mtihani alianza kujing'oa kope, moja moja, mpaka jicho la kushoto likabaki wazi kama la samaki, daktari akasema ni wasiwasi, na kiangazi zikaota tena. Mwaka huu tulipoanza mazoezi ya mtihani baada ya likizo ya Februari zimeanza kupotea upya, nazikuta kwenye foronya ninapotandika kitanda, na ndipo nikamwambia, "Tess, mwaka huu hufanyi. Mama amesema." Huku kwetu si ajabu, unajua mwenyewe, nusu ya mtaa wetu wameweka vibao kwenye nyasi kwamba watoto wao wanakataa mtihani, mzazi anaandika mistari miwili kwa shule na habari imekwisha.

Lakini mimi si mzazi tu. Bwana Haverty, mwalimu wetu mkuu, aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia, "Denise, wazazi wengine siwezi kuwazuia, ni haki yao. Lakini mwalimu wangu mwenyewe akimtoa mwanawe, hao wengine nitawaambia nini? Tukipungukiwa na watoto wa kufanya mtihani tena mwaka huu, shule itawekwa kwenye orodha ya zinazofuatiliwa. Tessa atafanya, sivyo?" Nikasikia mdomo wangu unasema, "Atafanya, bila shaka." Nikamshukuru na kumshukuru. Mpaka leo sijui nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Sasa sikiliza kanuni ya shule yetu, maana hapa ndipo ninaposhindwa kulala. Hata mzazi akiandika, kijitabu cha mtihani kinawekwa mezani kwa mtoto, na mtoto mwenyewe anatakiwa aseme kwa mdomo wake kwamba anakataa, kisha akae kimya bila kitabu cha hadithi, bila kalamu, aangalie ukuta mpaka wenzake wamalize. Na darasa ambalo watoto wote wamefanya linapewa piza na siku ya kuja shule na nguo za kulalia. Mwenzake mmoja, Brielle, ameshamwambia Tessa kwenye foleni ya chakula, "Sisi tutakosa piza kwa sababu ya macho yako." Tessa akamjibu, "Mwambie mama yako akununulie, mna gari mbili." Nilipaswa kumkemea. Nilienda chooni kucheka, kisha nikalia humohumo.

Kwa hiyo Tessa anafanya mazoezi ya kukataa. Jumapili tumekaa tunakula pasta, mume wangu Gerard akamwambia, "Tess, nipe chumvi." Mtoto akakaa wima, "Nakataa kutoa chumvi. Asante." Gerard akacheka mpaka akakohoa, halafu mtoto alipotoka mezani, yeye akanigeukia.

"Mpenzi, mwache tu afanye. Maisha yote ni mitihani. Mimi wa leseni ya ufundi bomba nilianguka mara mbili, nilikufa?"

"Wewe hukung'oa kope."

"Niling'oa nywele. Si unaona zilivyoisha?"

Gerard ni mtu mwema, Bibi, anageuza kila kitu utani kwa sababu anaogopa, na anajua kama ninavyojua kwamba bima yetu ya afya inatoka kwenye kazi yangu, si yake.

Jambo lililonimaliza ni usiku wa juzi, namchana nywele, akaniuliza, "Mama, Jumanne mimi nikishakataa, wewe utakuwa wapi?" Nikasema nitakuwa darasani kwangu, nasimamia. "Unawapa wa darasa la tatu mtihani?" Ndiyo, ndiyo kazi yangu. "Hata yule anayeliaga?" Nikamwambia akapige mswaki.

Nimepata wazo, na Gerard anasema ni wazo la akili sana. Nimwambie Tessa akubali kijitabu, asisome hata swali moja, atie alama jibu la tatu tu ukurasa hadi ukurasa, afunge, apumzike. Bwana Haverty atakuwa amepata idadi yake, Tessa hatakuwa na cha kuogopa kwa sababu hatakuwa amejaribu, na mimi Juni nitakuwa salama. Au kama si hivyo, tuseme ana homa, abaki nyumbani. Je, ni vibaya, Bibi? Niambie ukweli tu, ingawa natamani uniambie si vibaya. Tessa bado sijamwambia kitu. Asubuhi hii nilimsikia bafuni anafanya mazoezi mbele ya kioo, na sauti yake ilikuwa imara kuliko yangu.

Aliyeahidi mara mbili,
Suffolk, Long Island

*

Binti yangu,

Majina yote nimeyabadilisha, kwa hiyo ninyi mnaosoma mkiwa saluni acheni kukisia ni nani. Na wewe futa uso, ukae sawasawa, maana nimekuhurumia mpaka mwisho wa barua yako na huruma imeishia hapo.

Wazo lako la akili sana ni takataka. Umwambie mumeo hivyo, kwa maneno yangu. Una mtoto anayejing'oa kope kwa kuogopa kukosea, nawe unataka akae saa nzima akikosea kwa makusudi, ukurasa hadi ukurasa, huku wenzake wanaandika. Unadhani atapumzika? Atamaliza kope ahamie kwenye nyusi. Na homa usinitajie. Wewe ni mwalimu, unajua kuna wiki ya kufidia, mtoto akirudi anakuta kijitabu chake kinamsubiri. Ulitaka awe na homa mpaka Pasaka ya mwaka ujao?

Mimi shule niliiacha darasa la sita nikaenda kushona kola za mashati, na sioni haya kusema. Lakini mtihani naujua, na siupingi. Mwalimu wetu alitupa tahajia Jumatatu, Jumanne karatasi ikarudi nyekundu, ukajua neno gani limekushinda, ukalirudia mpaka likakaa. Huo ni mtihani. Huu wa jimbo mtoto anaufanya majira ya machipuko, majibu yanakuja akiwa amehamia darasa lingine kwa mwalimu mwingine, na hakuna anayemwonyesha alikosea wapi. Gerard alipoanguka kwenye leseni yake walimwambia kimemshinda nini, akarudi akasoma hichohicho. Tessa mwaka jana aliambiwa nini? Alipewa namba. Sasa mumeo aache kulinganisha bomba na mtoto.

Najua wapo watakaoniandikia kwa hasira, kwamba bila mtihani huu hakuna atakayejua shule zipi zimetelekezwa. Nawasikia, na wana hoja. Watafute njia ya kuzijua isiyopita kwenye jicho la mtoto wa miaka tisa.

Haya, tuje kwa Bwana Haverty. Namwonea huruma naye, ana wakubwa wake wanaomkalia shingoni. Lakini kama aliyokuambia ni halali, kwa nini alifunga mlango? Amekuambia kwa mdomo wake kwamba ni haki ya wazazi. Wewe ulipata kazi ukaacha kuwa mzazi? Kukataa ni haki yako kama ya jirani yako mwenye kibao, na wewe ulikaa pale ukaitoa kama peremende kwenye bakuli, kisha ukamshukuru kwa kuipokea.

Na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, binti, kuliko mtihani na piza na hizo nguo za kulalia. Una kinywa, una shahada ukutani, unasimama mbele ya watoto wa watu kila siku. Mtu alikuuliza swali moja ukashindwa kusema hapana. Halafu umemwachia mtoto akaliseme hilo neno, mbele ya darasa zima, mbele ya huyo Brielle, huku kumbe nyuma yake umeshamuuza. Jumanne atasema anakataa, na mwalimu atamwambia, "Lakini mama yako alisema utafanya." Umeifikiria hiyo dakika? Mimi nimeifikiria, nimeshindwa kumaliza kahawa yangu.

Sasa fanya hivi. Ijumaa, kabla ya kengele, nenda kwa Haverty. Mchukue na mwakilishi wa chama cha walimu, ndiyo maana unakatwa mshahara kila mwezi. Mlango ubaki wazi. Mwambie, "Nilikuambia ndiyo. Nilikosea. Jibu ni hapana." Mpe ile mistari miwili, na jina lako litangulie la Gerard. Usimweleze habari za kope, usimweleze habari za daktari, usilie. Ukianza kujieleza atapata pa kukushika. Mwombe Tessa akae maktaba na kitabu chake, shule nyingi hapa Long Island zinafanya hivyo na hazijaanguka. Akisema kanuni ni kanuni, mjibu kwamba basi kanuni yake itakukuta mlangoni. Kwa sababu darasa la nne liko korido moja na lako, umesema mwenyewe. Kabla hujaingia kwako, simama mlangoni kwake na mwanao, umwambie mwalimu wake wewe mwenyewe, kwa sauti ya kusikika mpaka dawati la nyuma. Tessa akitaka naye kusema, aseme. Asipotaka, limeshasemwa na mkubwa.

Kisha nenda darasani kwako ukawasomee wale wadogo maelekezo kama unavyolipwa kufanya. Usijifanye shujaa kwa watoto wa wengine, wana wazazi wao. Lakini mtoto wako alikuuliza swali zuri ukamtuma akapige mswaki, na hilo ni deni la jibu. Mwambie, "Ndiyo, nitawapa, kwa sababu mama zao hawajakataa na mimi si mama yao. Na yule anayelia nitakaa karibu naye." Haitamridhisha. Ni sawa, hata mimi hainiridhishi.

Utaniuliza kuhusu Juni. Sikudanganyi kama ulivyotaka. Huenda wakakuthibitisha, maana kumfukuza mwalimu mzuri kwa sababu hiyo kunanuka, na watu wa mji huu wana pua. Huenda wasikuthibitishe, wakatafuta sababu nyingine ya kuandika. Kaa na Gerard leo, mwondolee utani wote mezani, mpige hesabu za bima mkiwa wawili kama watu wazima. Mabomba ya watu yataendelea kuvuja, hamtalala njaa. Mtabanwa, na mtajua mmebanwa kwa ajili ya nini. Kuna walimu wanathibitishwa na bado wanapita wakijibanza ukutani kwa woga maisha yao yote.

Na daktari mrudie, mtihani uwepo usiwepo. Kumtoa mtoto kwenye mtihani si dawa ya kope. Anayekuambia Jumatano zitaota, na kibao chake kwenye nyasi, anakudanganya.

Limebaki moja, na ndilo gumu, kwa hiyo lifanye kwanza, leo, kabla ya Haverty na kabla ya Gerard. Mwambie Tessa ulichokisema ofisini. Chote, na zile shukrani pia. Atakasirika, huenda akafunga mlango wa chumba chake kwa kishindo. Usimfuate na aiskrimu. Kaa kwenye ngazi umsubiri atoke mwenyewe, na akitoka mwambie Jumanne mnakwenda pamoja, na kwamba atakayeanza kusema ni wewe.

Bibi Filomena