Kiini cha Mpira na Kifua Chako

Jumapili, mwezi wa saba. Mwaka wa pili unakaribia kuisha tangu niondoke Kariandusi.

Kaka yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nikitaja kifua chako, unaniuliza habari za jua la huku.

Unakumbuka mpira wetu wa kwanza? Tuliuchonga kutoka kwa lile jiwe jeupe la mgodini, jepesi kama mkate. Tulisimamisha magunzi ya mahindi nyuma ya zizi, tukadhani mpira mkubwa hivyo utayafagia yote. Mpira uligonga gunzi la mbele, ukaruka kando, ukapasuka. Nilicheka hadi nikakaa chini. "Hiyo ni mandazi, buda!" Ukanifukuza hadi barabarani.

Kesho yake ulikuja na jiwe jeusi la kung'aa, ukalizungushia udongo wa mfinyanzi, ukaufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Jiwe halikukaa katikati. Ulipousukuma, mpira ulienda moja kwa moja, kisha karibu na magunzi ukapinda, ukayaingia ubavuni. Yakaanguka yote. Ukasema, "Umeona? Nguvu iko ndani."

Huku Ghuba nafanya kazi katika ukumbi wa boling, mchezo kama ule wetu, nyuma ya mashine zinazosimamisha pini, yaani magunzi ya huku. Shule niliachia darasa la saba, lakini mipira nimeielewa kwa kuishika kutwa nzima. Ndani kuna kiini kizito chenye umbo lake, nacho ndicho huamua mpira utaanza kubingirika lini na utapinda kiasi gani. Nje kuna ganda. Ganda la plastiki huteleza tu na kwenda moja kwa moja. Ganda la resini hushika mbao pale mafuta yanayopakwa sakafuni yanapoishia, mpira ukapinda na kuingia kati ya pini ya mbele na jirani yake. Hapo pini huangushana zenyewe. Mpira mwepesi hugonga na kusukumwa kando, kama ile mandazi yetu. Siku nilipoelewa nilicheka peke yangu, tambara la mafuta mkononi. Tyubu yako ilishika ardhi, na jiwe lako likafanya yaliyobaki.

Sasa nikuambie kinachoninyima usingizi. Wiki iliyopita mteja alileta mpira wake, unang'aa, hauna hata mkwaruzo. Analalamika kwamba hauangushi pini kama zamani. Mzee wa Nepali ninayefanya naye kazi aliugonga kwa kifundo cha kidole, akaniita. "Sikiliza." Mpira ulitoa sauti butu, kama kitu kinajisugua ndani. Mteja huuacha garini juani, kisha huuleta kwenye baridi ya ukumbi. Kiini kilikuwa kimeachana na ganda, na nje hakuna anayeona.

Ijumaa nikakupigia.

"Sasa, kaka. Na hicho kikohozi?"

"Ni vumbi tu. Wacha kujifanya daktari, wewe fundi wa mipira!"

Ukacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na nikaisikia ile sauti. Ile ile. Mama Shiru ameniambia siku hizi unalala umeketi, umeegemea ukuta. Usimkasirikie mkeo, ni mimi niliyembana aseme. Mabega yako bado ni mapana, kwa hivyo watu wa hapo wanakuona mzima. Lakini miaka yote hiyo umechimba lile vumbi jeupe, na umelivuta.

Kaka, huenda nimekosea. Natamani sana niwe nimekosea, unicheke hadi ukae chini. Lakini nenda Nakuru ukapigwe picha ya kifua. Usingoje mahindi yavunwe. Na umwambie daktari kwamba umefanya kazi mgodini, hata asipouliza.

Mkataba wangu unaisha Desemba, na kabla ya Krismasi nitakuwa hapo kwa lango. Tafuta jiwe jeusi, tyubu nitaleta. Magunzi nitayasimamisha mimi, nawe utasukuma kwanza. Usishangae nisipoangalia mpira unakoelekea. Nitakuwa nasikiliza unavyopumua.

Mdogo wako, yule uliyemfukuza hadi barabarani.